Saba ya Pwani na Saba ya Bara

Katika nyumba za Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, saba ni namba ya heri tangu mtu anapozaliwa. Siku ya saba mtoto hunyolewa nywele na kuchinjiwa akika. Akikua akaoa au akaolewa, maharusi hukaa ndani siku saba za fungate. Akijaliwa kwenda kuhiji, ataizunguka Kaaba mara saba, atakwenda baina ya Safa na Marwa mara saba, na huko Mina atarusha vijiwe saba saba. Sura anayoisoma katika kila rakaa ina aya saba. Lakini ukiiacha Mombasa ukapanda bara hadi kwa Wakamba na Wakikuyu wa zamani, unakuta saba nyingine kabisa, saba ya mkosi. C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni ambaye mwaka 1922 alichapisha kitabu juu ya imani za watu hao, ni mmoja wa walioandika kwamba aliyekuwa safarini siku sita aliogopa kurudi kwake siku ya saba, na mchungaji hakutakiwa kuchunga zaidi ya siku sita mfululizo bila kupokewa na mwingine. Baina ya Mombasa na Machakos hazifiki kilomita 500. Kama namba ingekuwa na nguvu yake yenyewe, nguvu hiyo isingegeuka kwa sababu tu mtu ameivuka Nyika ya Taru. Hoja yangu ni kwamba heri na nuksi za namba hutiwa na watu, kwa sababu za kihistoria ambazo mara nyingi zinaweza kufuatiliwa, na kwamba anayezijua sababu hizo hana tena haja ya kuiogopa namba yoyote.

Pingamizi la kwanza linajulikana. Watu watasema kuwa saba imetukuzwa na mataifa mengi mno, na hayawezi yote kuwa yamebuni jambo moja bila ya kuwapo siri ndani yake. Pingamizi hili lina uzito, kwani chanzo cha pamoja kipo kweli. Ila chanzo hicho si siri. Kabla ya darubini, aliyeitazama mbingu kwa macho matupu aliona vitu saba vinavyohama katikati ya nyota zisizohama: Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zohali. Mwezi nao hubadili sura kila baada ya siku saba na ushei, tangu kuandama hadi nusu, hadi kuwa mpevu, kisha nusu tena. Watu wa Babeli waliyaona hayo na kuyaandika, lakini kalenda zao za siku njema na mbaya ziliweka tarehe 7, 14, 21 na 28 za mwezi miongoni mwa siku mbaya, ambazo mfalme alionywa asitende mambo fulani. Wayahudi waliifanya siku ya saba kuwa takatifu, na Wakristo na Waislamu wakairithi juma la siku saba, kila dini na siku yake. Mbingu ilikuwa moja, hesabu ilikuwa moja, na bado wengine walipata hofu pale ambapo wengine walipata utukufu. Kisha mwaka 1781 William Herschel, akiwa Uingereza, akaigundua Uranus. Sayari hiyo ilikuwapo muda wote. Saba ya sayari ilikuwa ukomo wa jicho la mwanadamu, si ukomo wa mbingu.

Hesabu hizo zilifika pwani yetu pamoja na elimu ya falaki. Mwalimu wa falaki alijumlisha thamani za herufi za jina la mtu na la mama yake kwa mpango wa abjadi, ambamo alifu ni 1, bee ni 2, jimu ni 3 na kuendelea. Akaigawa jumla kwa 12, na baki ikamwonyesha nyota ya mtu huyo. Katika hirizi aliandika mraba wa vyumba tisa wenye namba 1 hadi 9, ambao kila safu yake, kwa wima, kwa ulalo na kwa mshazari, hutoa 15. Mraba huo Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutaja kuwa unamsaidia mwanamke aliyezidiwa na uchungu wa kuzaa. Wachina nao waliujua kwa hadithi ya kasa aliyetoka mtoni akiwa nao mgongoni. Hesabu ya mraba huo ni ya kweli na inapendeza. Kisichokuwapo ni kiungo kati ya 15 na tumbo la mzazi. Pwani hiyo hiyo ilikuwa na hesabu ya namna nyingine, ile ya Nairuzi: mwaka wa jua wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zikibaki. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua lini kaskazi inaisha na kusi inaanza. Hesabu hii ilijaribiwa na upepo kila mwaka. Mwaka wa siku 365 hupungukiwa na karibu robo siku, basi Nairuzi husogea siku moja kila miaka minne, na kosa hilo huonekana kwa anayefuatilia misimu. Lakini hesabu ya siku za nuhusi haikuwa na namna ya kukosolewa: chombo kikizama siku njema, lilitafutwa kosa jingine, la mtu au la kafara. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuhesabu na kuagua.

Ukizifuatilia namba zinazoogopwa au kutukuzwa zaidi duniani, utaona kuwa nyingi zilizaliwa na maandishi. Namba 786, ambayo Waislamu wengi wenye asili ya Bara Hindi huiandika juu ya barua na milango ya maduka kutaka baraka, ni jumla ya herufi za Bismillahi kwa abjadi hiyo hiyo. Namba 666 ya kitabu cha Ufunuo ina nasaba ya aina hiyo, na kitabu chenyewe kinamwalika msomaji mwenye akili aihesabu. Wataalamu wengi wa Biblia huona kuwa inamlenga Nero, kaisari aliyewatesa Wakristo wa Roma, kwa sababu jina na cheo chake vikiandikwa kwa herufi za Kiebrania hutoa 666. Ikiondolewa nuni ya mwisho, kama Kilatini kinavyolitamka jina hilo, hubaki 616. Na 616 ndiyo namba iliyomo katika baadhi ya nakala za kale, pamoja na kipande cha mafunjo kilichopatikana Oxyrhynchus, Misri. Askofu Irenaeus wa karne ya 2 aliijua tofauti hiyo na akaikataa. Basi namba inayotikisa makanisa hadi leo huenda ilikuwa fumbo la watu walioteswa, wakimtaja mtesi wao bila kumwita jina. Nchini Italia namba ya mkosi ni 17, na maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba herufi zake za Kirumi, XVII, zikipangwa upya hutoa VIXI, yaani nimekwisha kuishi. Muislamu anayetimiza sala tano huswali rakaa 17 za faradhi kila siku, na hakuna anayedhani kuwa amejiitia mauti. Kumi na tatu, inayoogopwa na Wazungu wengi kwa kumbukumbu ya karamu ya mwisho ya Yesu na mitume wake kumi na wawili, kwa Wayahudi ndiyo umri ambao mvulana huanza kuwajibika kwa sheria ya dini yake, na kwa Waitaliano wengi ni namba ya bahati.

Penye lugha yenye toni na maneno mafupi, hofu huzaliwa na sauti. Katika Kichina neno la nne linakaribiana sana na neno la kifo, na Wajapani na Wakorea, waliochukua namba kutoka huko, walichukua na hofu yake. Ndiyo maana majengo mengi ya Asia ya Mashariki hayana ghorofa inayoitwa ya nne, na hospitali kadhaa hazina chumba chenye namba hiyo. Nane, kwa upande mwingine, inakaribiana na neno la kutajirika. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 Agosti 2008, saa 2 usiku, ambayo kwa saa yao ni saa 8. Na mwaka 2003 shirika la ndege la Sichuan lililipa zaidi ya yuani milioni mbili kupata namba ya simu yenye nane tupu. Hofu hiyo ya nne haina pa kushika kwa anayesema lugha nyingine. Washairi wa Kiswahili wamejenga hekima yao kwa karne nyingi juu ya tarbia, ubeti wa mishororo minne, na hakuna msikilizaji aliyewahi kunusa mauti ndani yake. Kilichomtisha Mchina ni sikio lake, na sikio hulelewa na lugha.

Wapo watakaosema kuwa hoja zote hizi ni za vitabuni, na kwamba matukio yenyewe hushuhudia. Mfano wanaoupenda ni Apollo 13: chombo kilirushwa saa 13:13, tarehe 11 Aprili 1970, na tangi lake la oksijeni likapasuka tarehe 13. Tuupime ushahidi huo. Saa 13:13 ilikuwa ya Houston, mahali pa kuongozea safari. Huko Florida, chombo kiliporukia, saa ilikuwa 14:13. Kwa saa ya Kiswahili, ile ya Houston ilikuwa saa saba na dakika 13, na 13 moja imekwisha kutoweka. Tangi lilipopasuka usiku wa tarehe 13 huko Marekani, Dar es Salaam na Nairobi kulikuwa kumekucha tarehe 14. Sababu ya ajali ilichunguzwa ikajulikana: swichi za joto ndani ya tangi ziliundwa kwa umeme wa volti 28, zikapelekewa volti 65 wakati wa majaribio ya ardhini, na ngozi za nyaya zikaungua. Wanaanga wote watatu walirudi salama. Waliokufa walikuwa wale watatu wa Apollo 1, walioteketea kwa moto tarehe 27 Januari 1967, na hakuna aliyeifanya moja kuwa namba ya mkosi. Anayeokota matukio yanayolingana na hofu yake na kuyaacha yasiyolingana hatakosa ushahidi kamwe. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa David Phillips na wenzake, uliodai kuwa Wamarekani wenye asili ya China na Japani walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi tarehe 4 ya mwezi kuliko siku za kawaida. Watafiti wengine waliupinga kwa hoja za kitakwimu. Lakini hata tukiukubali, ongezeko hilo halikuonekana kwa Wamarekani weupe wanaoishi katika nchi hiyo hiyo na kutumia kalenda hiyo hiyo. Kama kuna kilichoua, kiliua kupitia hofu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka katika dini. Mwumini atauliza: ikiwa Mwenyezi Mungu mwenyewe ameamuru mizunguko saba, ni nani wa kusema kuwa saba ni tupu? Jibu ni kwamba kuamriwa idadi si sawa na kuambiwa kuwa idadi hiyo ina uwezo. Anayezunguka mara saba anatii. Hesabu ni kipimo cha utiifu wake, na thawabu inatoka kwa aliyeamuru. Dini hizo hizo zenye saba na arobaini zimekataza kutabiria kwa ishara. Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inaharamisha uaguzi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) alikanusha fali mbaya, na kama wafafanuzi wengi walivyoeleza, alikanusha pia hofu waliyokuwa nayo Waarabu juu ya mwezi wa Safar, ambao sisi tunauita Mfungo Tano. Jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, na watu wakaanza kuyaunganisha mambo mawili hayo, aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Alikuwa na msiba, na bado hakukubali ishara ambayo ingemtukuza mwanawe. Baada ya mafundisho hayo, Waislamu wa nchi kadhaa, kuanzia Bara Hindi hadi Java, waliendelea kuiogopa Jumatano ya mwisho ya Safar. Hofu hiyo ni desturi iliyoingia ndani ya dini, haikuzaliwa nayo.

Haki inataka nikiri kuwa si kila mwiko wa namba ni upuuzi. Arobaini ya mzazi, ile ya kukaa ndani siku 40 baada ya kujifungua, inakaribiana na wiki sita ambazo wakunga na madaktari huhesabu hadi mwili urejee. Wakikuyu walizitaja koo zao kuwa tisa kamili, ingawa ni kumi, kwa kuwa kuhesabu watu au mifugo kwa ukamilifu kulidhaniwa kuleta madhara. Na Biblia nayo inasimulia kuwa Mfalme Daudi alipohesabu watu wake, tauni iliua 70,000. Hofu hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Wafalme hawakuhesabu watu ila kwa vita au kodi. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilileta kodi ya kibanda mwaka 1901, na katika Vita Kuu ya Kwanza walioandikwa majina walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi. Wengi hawakurudi, na jina la Kariakoo, lililotokana na wabebaji hao, linawakumbusha hadi leo watu wa Dar es Salaam. Aliyekataa kuhesabiwa alikuwa anajilinda. Lakini zingatia kinachosifika hapo: ni mapumziko ya mzazi na tahadhari dhidi ya mtawala. Ukimpumzisha mzazi siku 41, hapungukiwi na kitu. Faida imo katika tendo, na namba imelishika tendo ili lisisahauliwe.

Kwa nini basi tusiwaache watu na namba zao? Kwa sababu wapo wanaolipia. Nchini Japani kuna mwaka mmoja katika kila mzunguko wa miaka 60, mwaka wa farasi wa moto, ambao msichana anayezaliwa ndani yake hudhaniwa atamwangamiza mumewe. Mwaka 1965 walizaliwa watoto wapatao milioni 1.82, mwaka 1966, ulipofika mwaka huo, walizaliwa milioni 1.36 tu, na mwaka uliofuata idadi ikapanda tena. Katika nchi yenye viwanda, shule na hospitali za kisasa, robo ya uzazi ilitoweka kwa ajili ya mahali pa mwaka katika hesabu. Mzunguko huo unarudi mwaka 2026. Huko Mananjary, mashariki mwa Madagaska, mwiko wa Waantambahoaka dhidi ya mapacha umewafanya wazazi wengi kuwatelekeza watoto wao kwa kosa la kuzaliwa wawili, hali Wayoruba wa Nigeria, wanaozaa mapacha kwa wingi kuliko karibu watu wote duniani, huwapokea kama neema, na kwa desturi yao ya zamani pacha aliyekufa alichongewa sanamu ya heshima. Na nchini Kenya, mwaka 2019, serikali ilipoandikisha wananchi kwa Huduma Namba, baadhi ya waumini walitishika kuwa ndiyo alama ya mnyama wa Ufunuo, ile ya 666. Swali la kweli lilikuwa jingine: nani atazitunza taarifa za watu, na kwa sheria ipi? Swali hilo lilipelekwa mahakamani na raia waliohesabu madhara badala ya ishara, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kuwa mpango huo usiendelee bila mfumo wa kisheria wa kulinda taarifa. Hofu ya 666 haikumlinda mtu yeyote. Hoja ilimlinda.

Historia yetu ya karibu inatoa ushahidi wa mwisho. Wajukuu wa wale waliokwepa kurudi nyumbani siku ya saba leo hujaza makanisa kila baada ya siku saba, na Wakatoliki miongoni mwao hupokea sakramenti ambazo idadi yake ni saba. Mkosi uligeuka baraka ndani ya vizazi vichache, na mbingu haikubadilika. Tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU jijini Dar es Salaam, na tangu hapo Sabasaba kwa Mtanzania ni siku ya taifa na ya maonyesho ya biashara. Tarehe 7 Julai 1990 Wakenya walijitokeza kudai vyama vingi licha ya viongozi wa madai hayo, Kenneth Matiba na Charles Rubia, kuwekwa kizuizini siku chache kabla, na damu ikamwagika. Kwao Saba Saba ni siku ya madai na ya kuwakumbuka waliouawa. Nchi mbili jirani, tarehe moja, jina moja, maana mbili, na maana zote mbili tunajua ni nani waliozitia na kwa gharama gani. Kila namba inayoogopwa ina watu wa namna hiyo nyuma yake, hata kama majina yao yamepotea. Basi tuziheshimu namba kwa kumbukumbu zilizobeba, tuswali na tuadhimishe kwa idadi tulizorithi, na tuwafundishe watoto hadithi zake. Lakini mtu akikataa chumba, akiahirisha matibabu, au akimkataa mtoto kwa sababu ya namba, aambiwe waziwazi kuwa anamdhulumu mtu hai kwa ajili ya hesabu ambayo haikumkosea mtu yeyote.